Koti la Mpauko

Dada yangu alikuwa anampenda mwanamume aliyekufa karne tatu zilizopita, na aliyeteseka ni mimi. Asubuhi, kabla hatujatia uzi kwenye cherehani, Mpauko. Mchana, Mpauko. Jina hilo nililitoa mimi kwa kejeli, kwa sababu yule mnyonya damu wa kwenye filamu amepauka mwili mzima, mtu unatamani umpake mafuta. Dada na wenzake wa chama cha mashabiki wakalipokea kwa vigelegele, na kejeli yangu ikaishia hapo.

Filamu zenyewe zilitengenezwa mbali, lakini zilitufikia zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Hapo ndipo dada alipozama. Sauti ya Mpauko ilikuwa nzito, ya taratibu, hata akiomba njia ungedhani anakuposa. Dada alikuwa akifumba macho ukumbini ili aisikie vizuri. Nikamuuliza kama amelipa tiketi aje kulala.

"Wewe mdogo wangu huna damu," akanijibu. "Hata akikuuma hapati kitu."

Basi akaamua kumshonea koti. Alikwenda na tepu yake hadi kwenye bango nje ya ukumbi wa sinema, akampima Mpauko mabega, mikono na kiuno, watu wakipita wanamshangaa, kisha akarudi dukani kukuza vipimo. Likatoka koti la mahameli nyeusi lenye bitana nyekundu, tukalivisha sanamu la dirishani. Wateja walilitaka. Dada alikataa katakata.

"Akija atavaa nini?" alisema. Akacheka, lakini hakuliuza.

Msidhani nilikuwa namcheka tu. Shemeji alipofariki, dada alikuwa anakaa nyuma ya cherehani siku nzima bila kuikanyaga. Nilijaribu kila kitu. Kilichomtoa pale ni ule upuuzi wa mnyonya damu, na kwa hilo ningembusu Mpauko mwenyewe na meno yake. Sasa filamu ya mwisho ilikuwa inakuja. Wenzake walikuwa wanaruka kwa furaha, mimi roho inanidunda. Ikiisha hii, dada atasubiri nini tena?

Tulikuwa na mteja mmoja tukimwita Bwana Kimya. Mfupi, kipara kinang'aa, kitambi cha heshima. Alikuwa haachi kuleta suruali, na tangu aanze kuja hatujawahi kumsikia hata akikohoa. Ataingia, atainamisha kichwa kwa salamu, atanyoosha kidole kwenye mshono uliofumuka, atamtazama dada, ataondoka. Sisi tukaamini ni bubu. Dada akawa anamwonea huruma na kumzungumzisha kwa ishara za mikono, naye maskini anaitikia kwa ishara vilevile.

Ila suruali zake zilinitia shaka. Nguo ikipasuka, uzi unakatika ovyo. Mishono ya Bwana Kimya ilikuwa imefumuliwa kwa wembe, uzi mmoja mmoja.

"Dada, huyu bwana anazikata mwenyewe."

"Akate suruali yake kwa faida gani?" Kichwa chake kilikuwa kwenye filamu.

Jumamosi ya filamu hiyo ikafika. Tulifunga duka mapema, na dada alitoka kwa pupa mpaka akasahau tepu shingoni. Chama kizima kilijaza safu za mbele, vitambaa vyekundu vichwani, bisi mapajani. Nilimwona Bwana Kimya amekaa safu ya nyuma kabisa, peke yake. Nikajisemea, hata bubu naye ameambukizwa.

Filamu ilikuwa tamu, nikiri. Tulilia, tukapiga kelele, jirani yangu akanifinya mpaka nikapata alama. Kisha Mpauko akamfuata binti anayempenda kwenye ngazi, akamshika mkono, akafungua kinywa kusema neno tulilolisubiri tangu filamu ya kwanza.

Sauti ikakatika.

Picha ilikuwa inaendelea, midomo inacheza, hakuna kitu. Ukumbi ulilipuka. Mwenye ukumbi akakimbilia kwenye waya zake huku akitukanwa pamoja na ukoo wake. Dada alikuwa amesimama, mikono kichwani.

"Nimeishi muda mrefu bila kuwa hai," ikasema sauti ya Mpauko.

Tukarudisha macho kwenye picha. Ilikuwa sauti yake, nzito, ya taratibu, na imekwenda sawa na midomo. Lakini ilikuwa inatoka nyuma yetu.

Kwenye picha yule binti akauliza kitu kimyakimya.

"Unaniuliza nilikuwa wapi," sauti ikaendelea. Hapo ikatetemeka kidogo. "Nilikuwa mlangoni kwako. Nimefumua suruali zangu zote kwa wembe ili nipate sababu ya kuja, na sasa sina hata moja iliyobaki nzima."

Wanachama wakatazamana. Mpauko na suruali, wapi na wapi? Lakini dada alikuwa ameshageuka. Bwana Kimya amesimama safu ya nyuma, mwanga wa mashine ya filamu unampiga kwenye kipara, jasho linamtiririka. Ndiye aliyemtia Mpauko sauti miaka yote hiyo, na jina lake lilikuwa linapita mwishoni mwa kila filamu wakati sisi tunagombania mlango.

"Na muda wote ule mbona hukusema?" dada akauliza, ukumbi mzima unasikia. "Umeniacha nakupungia mikono kama mwehu!"

"Ningesema, ungemsikia yeye," alijibu. "Halafu ungefumbua macho ukaniona mimi."

Hakuna aliyetafuna bisi. Dada akatoka kwenye safu yake, akapanda taratibu hadi nyuma, akasimama mbele yake. Alimtazama usoni muda mrefu, macho wazi kabisa.

"Sema tena," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Naogopa," alisema Bwana Kimya.

Dada akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kutoka tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu shemeji afariki. Akavuta tepu shingoni.

"Nyoosha mikono. Usibane tumbo, nataka kipimo cha kweli."

Nyuma yangu spika zikakoroma na sauti ikarudi. Mpauko akatamka "milele" peke yake kule ukutani, hakuna aliyemtazama.

"Mikono ya lile koti nitakata," dada alisema, akizungusha tepu kiunoni pa yule bwana. "Kiuno nitafumua, kitambaa kipo. Mdogo wangu, andika!"

Sikuwa na kalamu, na machozi yalikuwa hayaniachi nione. Nikavishika vile vipimo kichwani, kimoja kimoja, na mpaka leo ninavyo.