Ubeti wa Tatu

Sindano alikuwa fundi wa kushona kola kiwandani, na nyimbo zote za kwaya ya wafanyakazi alizitunga yeye. Kutunga ndiko kulikomwezesha kulala na taa imezimwa. Lakini wimbo huu mmoja ulimchukua miaka kumi na mitatu, na wala si kwa uvivu. Kila alipofika ubeti wa tatu mkono ulimfa ganzi.

Ubeti huo ulimhusu baba yake. Mkanda, stoo ya mkaa, mtoto wa miaka saba aliyejifunza kulia bila kutoa sauti. Baba alishazikwa, watu wakammwagia sifa hadi wakaishiwa maneno, Sindano akiwasikiliza. Mama naye alikuwa na jibu moja tu: "Uliota, mwanangu. Utotoni ulikuwa mtu wa homa homa."

Basi alichotaka Sindano kilikuwa kimoja: mama autamke ubeti ule kwa kinywa chake. Na angeukwepaje, ilhali mama huyo, mpishi wa kantini ya kiwanda mwenye koo la kupasua dari, ndiye aliyeongoza sauti ya pili?

Wimbo ulipokamilika, Jumamosi moja baada ya zamu kwaya ilikutana kwenye chumba cha kukatia vitambaa. Mwalimu wa kwaya, fundi umeme asiye na mzaha, alibandika karatasi ya wimbo ukutani. Kwaya ile ilikuwa na sheria yake: mstari ukiwa na kasoro, hakuna kubishana. Unanyoosha mkono, unauimba unavyopaswa kuwa. Zamani walibishana kwa maneno, na nusura washikane mashati.

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu, sauti ya kwanza waliuimba macho chini: "Baba akanipiga, akanitupa gizani, akafunga mlango kwa kufuli."

Ikafika zamu ya sauti ya pili. Mama akanyoosha mkono.

Anakwenda kunikana mbele za watu, Sindano aliwaza, akashika ukingo wa meza.

"Imba, mama," mwalimu alisema.

Sauti ile ya kupasua dari ilitoka ikikwaruza. "Baba akakupiga, akakutupa gizani. Mama akafunga mlango kwa kufuli."

Mwalimu, kwa mazoea tu, alichomoa kalamu mfukoni akamgeukia mtunzi. "Tubadilishe?"

Sindano alimtazama mama yake. Miaka yote hiyo alikuwa akiomba kuaminiwa, kumbe mama alimwamini tangu siku ya kwanza. Hasira ilimpanda hadi meno yakagongana, na machozi yalimtoka, safari hii kwa sauti, bila kujificha. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Badilisha," alisema alipoweza. "Na mstari huo ataimba yeye. Peke yake."