Sauti ya Mwalimu Kinywani mwa Tatu

...maana sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, Mwanne, pamoja na mkwaruzo wake na kale kacheko ka puani, lakini imetoka kinywani mwa Tatu, binti wa Mwamvita, mtoto wa miaka minane ambaye kijiji kizima cha Mzenga hakijapata kumsikia akiomba hata maji, na sasa watoto sita waliokaa duara barazani wanamtazama mwalimu wao, na kata ya maji imesimama hewani, Tatu kamnyooshea, haimwagiki hata tone... "Heri angekufa angali mchanga, mama yake akapumzika." Neno kwa neno, Mola wangu, na alichotakiwa kusema ni "karibu maji, mwalimu," basi, miezi minane wanafundishana hayo, kila asubuhi wakimaliza Kurani kata inazunguka, unamgeukia mwenzako, unamwita jina, unamkaribisha, unangoja aseme starehe, Kitwana mwanzoni alimcheka Tatu, Mboni alikataa hata kukaa naye jamvi moja, leo Mboni huyo huyo ndiye anayemgusa kiwiko zamu yake ikifika, ila Tatu siku zote alipokea kimya akapitisha kimya, jicho lake halimgusi mtu, wazee wakasema ana shetani, apelekwe kwa mganga kule Misugusugu akapungwe, na dresa mmoja wa hospitali ya serikali kule Kisarawe akampigia kengele nyuma ya masikio, akasema huyu anasikia... anasikia, ndiyo, alisema hivyo, nani alimsadiki? Si yeye Mwanne, angemsadiki asingefungua mdomo siku ile ya mwezi wa Rajabu, mgeni mmoja, Sikudhani, alipopita kuomba maji ya kunywa, akampa kwa kata hii hii, Tatu amekaa pale chini anapanga korosho mstari mmoja mrefu, Sikudhani akauliza, huyu ndiye yule bubu? na yeye Mwanne kwa kuwa alikuwa amechoka... hapana, asisingizie uchovu, alitaka tu kumchekesha mgeni, akayasema maneno hayo juu ya kichwa cha mtoto, kama mtu anayesema mbele ya kinu... "Dada Mwanne!" Ni Mwamvita, ameuacha ungo wa mpunga huko uani, anakuja mbio, khanga imemwanguka begani, "Nimesikia mtu anasema, ni Tatu? Ni mwanangu?" na Mboni, bila kujua, "Ndiyo, mama, amesema, tena kama mwalimu kabisa," na Mwamvita amepiga magoti anacheka, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni, "Amesema nini? Jamani, amesema nini?" na Kitwana anachimba jamvi kwa kidole, hao watoto hawatasema, Mwanne amewalea kwa adabu, akisema yeye kwamba mtoto amesema karibu maji wataitikia wote, Mwamvita atalala na furaha leo, na kesho kata itazunguka, na Tatu atasema tena, mama yake akiwa karibu zaidi... Lakini mbona hana hasira, huyu mtoto? Anamlaani? Mwanne anamtazama, hakuna laana pale, na jicho, jicho limekwama mdomoni mwake yeye Mwanne, linangoja, linangoja nini, linangoja starehe! Kwake hayo ndiyo maneno ya kumpa mtu maji, aliyasikia siku ile kata ikitoka mkono huu kwenda mkono wa mgeni, akayahifadhi tangu Rajabu, akayasema vizuri kuliko wote, ni mwanafunzi huyu, siku zote alikuwa mwanafunzi, na mwalimu wake ndiye aliyekuwa hasikii... "Dada, niambie basi, neno lake la kwanza, amesema nini?" na maji yako hapo mbele ya Mwanne, hawezi kuyapokea, "Mwamvita," anasema, sauti imemtoka nyembamba, ngeni, "kaa kitako kwanza, mdogo wangu, amesema sawasawa, mtoto hana kosa... maneno ni yangu mimi," na Mwamvita bado anatabasamu, hajaelewa, na Tatu bado ameshika kata.