Zamu Kwenye Jiwe

Jumamosi hiyo Selpher alivaa rinda lake la kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akatia mayai ya kuchemsha na chupa ya chai katika kikapu, kisha akaketi kibarazani kungoja gari. Binti yake Beverlyne, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa amemkodia gari dogo kutwa nzima pamoja na dereva, ili akaone jumba la mfalme kule Matungu na ngome ya kale iliyo kilimani ng'ambo ya mto Nzoia. Mpaka siku hiyo Selpher alikuwa amepanda gari dogo kwa mambo mawili tu, matanga na hospitali. Kwa hiyo majirani waliompita asubuhi hiyo walimpa pole kwanza, ndipo wakauliza nani amekufa.

Dereva alikuwa Cheruiyot, kijana wa pale pale sokoni Lumakanda, mwenye Fielder nyeupe aliyoipangusa kila aliposimama. Alimfungulia mlango wa mbele.

"Mama, tunaanza wapi?"

"Tuanze mbali," Selpher akasema. "Ngome tuweke mwisho. Hapo ndipo nataka kukaa."

Babu yake Selpher alizaliwa ndani ya ngome hiyo, wakati watu wa ukoo wake walipokuwa wakilala nyuma ya ukuta wa udongo na handaki refu kwa kuogopa vita. Vita viliingia hata hivyo, na waliobaki wakatawanyika. Baba yake alikuwa akimwahidi kwamba baada ya mavuno atampeleka akapakanyage, na aliendelea kuahidi mpaka akafa. Sasa magoti ya Selpher yalikuwa yameanza kukataa vilima. Alijua wazi kwamba asipoiona ngome mwaka huu hataiona tena, na jambo hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe.

Walipita Kakamega, wakapita Mumias, wakafuata trekta za miwa mwendo wa pole. Mayoni wakanunua ndizi. Jumba la mfalme walilikuta limezungukwa na ua uliofyekwa vizuri, nalo halikuwa kubwa kama Selpher alivyodhani. Mwelekezi wa wageni, mwanamume mpole aitwaye Were, aliwapokea langoni na kuwapa uji wa wimbi katika vibuyu vidogo, maana ndivyo wageni wanavyokaribishwa hapo.

Selpher alionja, akasimama.

Kwao wimbi hukaangwa kidogo kabla ya kusagwa, tena huachwa chengachenga, na kila mke aliyeolewa katika ukoo huo alilalamika kwanza, kisha akazoea. Mama yake Selpher alilalamika miaka mingi. Uji huo Selpher hakuwahi kuunywa kwa mtu asiyekuwa wa damu yake.

"Huu uji nani amesaga?"

"Ni wa hapa hapa, mama," Were akasema. "Iko msichana nyuma. Tutamfikia."

Were aliwaonyesha kiti cha mfalme, mikuki, ngoma, na picha za wafalme zilizotundikwa ukutani kwa kufuatana, kila moja na jina chini yake. Cheruiyot alizipiga picha zote. Selpher hakusikia hata jina moja, kwa sababu alikuwa bado anatafuna chenga.

Nyuma ya jumba palikuwa na jiko la nyasi. Ndani yake msichana wa miaka kama kumi na mitatu alikuwa amepiga magoti, anasaga. Jiwe la chini lilikuwa limelika katikati hata likawa na shimo la kutosha kulaza mtoto mchanga. Mlangoni kulikuwa na kibao kilichoandikwa JIWE LA KUSAGIA. Wanafunzi wa shule fulani walikuwa wamemzunguka wakipigana picha, naye alisogeza kiwiko kidogo wapate nafasi.

Selpher alimtazama kipaji cha uso, kilichochomoza kama cha kaka zake wote, akamsemesha kwa lugha ya nyumbani.

"Wewe ni wa nani?"

Msichana alitaja baba yake, kisha ukoo, kisha mlango wa ngome ambao watu wake walikuwa wakiutumia kwenda mtoni. Mikono yake haikusimama.

"Mimi ni Nekesa," akasema. "Mmekawia."

"Tumekawia, Kukhu," Selpher akajibu, kwa kuwa huyo alikuwa dada ya babu yake, na dada ya babu ni nyanya.

Habari za Nekesa zilijulikana nyumbani. Siku vita vilipoingia ngomeni alikuwa ametumwa maji, na mtungi wake ulionekana lakini yeye hakuonekana. Mwili haukupatikana, basi hakuliliwa. Na kwa kuwa katika ukoo wao mtoto hupewa jina la aliyekufa, na yeye hakuna aliyejua kama amekufa, jina lake halikupewa mtu. Beverlyne alizaliwa wakati wa mavuno, na Nekesa ndilo jina ambalo lingemfaa, lakini wajomba zake walikataa wakisema mwenyewe huenda bado analitumia. Ikawa hivyo kweli.

Nekesa naye aliambiwa na mama yake, angali mdogo, kwamba msichana akipelekwa mbali na kwao, ndugu zake humfuata wakajue amelala kwa nani. Kwa hiyo alikuwa akingoja afuatwe, na kwa vile alikuwa akingoja, hakukua.

"Nilimkuta hapa nilipoandikwa kazi," Were akaeleza. "Na mwenye alikuwa mbele yangu pia alimkuta. Mfalme mwenye alimpokea kama mateka wa vita, akasema asage, alikufa zamani sana. Lakini hakuna mtu alisema aache."

"Kwani haruhusiwi kutoka?"

"Anaruhusiwa, mama. Jiwe tu ndiyo haliruhusiwi kunyamaza. Mtu wa ukoo wao akikaa hapo, yeye anaweza tembea mpaka tufunge; asiporudi, jiwe linabaki na huyo. Shida ni hajawahi kuja mtu wao." Were alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli. Alikuwa mtu mwema, na kila asubuhi alimpepetea wimbi mwenyewe ili asisumbuke na mawe.

Selpher aligeuka akatazama Fielder iliyoegeshwa kivulini. Alifikiria kilima, ukuta, na baba yake. Alilia kidogo, kwa sababu alikuwa ameitaka ngome ile tangu utotoni. Kisha akavua viatu vya kanisani, akavipanga ukutani, akapiga magoti, na magoti yakamjibu vibaya.

"Gari imelipiwa mpaka jioni," akasema. "Kukhu, leo utembee wewe."

Aliweka mikono yake juu ya mikono ya msichana. Wakasaga pamoja hivyo, mbele na nyuma, mpaka Nekesa alipochomoa yake polepole kutoka chini na sauti ya jiwe haikukatika. Mikono ya msichana ilikuwa migumu kama kwato. Ilipotoka, Selpher aliitamani irudi, kwa maana tangu mama yake afe hakuna mtu mkubwa aliyekuwa amemshika mikono.

Kisha akamwita Cheruiyot mlangoni, akashusha sauti.

"Mpeleke ngome. Mkimaliza, usirudi huku. Pita moja kwa moja mpaka kwangu Lumakanda, ufunguo uko kwa jirani. Mimi nimeshaishi, hapa pananitosha."

"Na wewe mama, nani atakuja kukuchukua?"

"Nimekuambia pananitosha. Nenda."

Cheruiyot hakupenda, lakini hakuwa na desturi ya kubishana na wamama wa umri huo. Alimketisha Nekesa kiti cha mbele na kumvutia mkanda. Msichana aliurudisha nyuma. Mara ya mwisho aliyosafiri alikuwa amefungwa kamba, basi aliuliza mkanda huo unafunguliwa na nani. Cheruiyot alimwonyesha kitufe chekundu. Alikibonyeza, akajifunga, akakibonyeza tena, akajifunga, na Cheruiyot akangoja na injini ikinguruma mpaka aliporidhika.

Selpher alisaga. Mwanzoni unga ulitoka laini mno, kwa kuwa alikuwa amezoea kinu cha umeme cha sokoni, halafu mikono ikakumbuka ya mama yake na chenga zikaanza kutoka. Wageni walikuja. Alisogeza kiwiko wapate nafasi ya kupigana picha. Mtoto mmoja alisema kwamba katika picha iliyo kwenye simu ya dada yake jiwe hilo lilikuwa na msichana, na mwalimu akamjibu kwamba watu huzeeka. Were alimletea gunia la kuwekea magoti na mara mbili akampa chai kutoka katika chupa yake mwenyewe, akimshikilia kikombe mdomoni.

"Mama, huyo dereva anajua tunafunga saa kumi na mbili?"

"Anajua," Selpher akasema.

Kuanzia hapo alipiga hesabu za nyumba yake. Kuku wangefungiwa na jirani. Beverlyne angelia, halafu angekuja kuona. Nekesa angelala katika kitanda cha Selpher, angeamka asikie kimya, na siku moja angeanza kukua. Alipofikiria hilo alifurahi sana, hata akawa anasaga kwa kuimba nyimbo za kanisani.

Jua lilikuwa limeanza kuzama nyuma ya mashamba ya miwa Fielder iliporudi.

Nekesa alishuka mwenyewe. Mkononi alikuwa na nusu ya hindi la kuchoma, lingali na joto, akampa Selpher alitafune huku yeye akipiga magoti upande wa pili.

"Nilisema asikurudishe!" Selpher akasema, na mdomo umejaa mahindi.

"Una magoti mabaya," Nekesa akajibu. "Ukipumua nasikia mpaka huku."

Cheruiyot alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni. Alieleza kwamba walipofika njia panda alipinda kuelekea Lumakanda kama alivyoagizwa. Msichana akauliza mbona barabara ni nyingine. Yeye akamwambia wanaenda nyumbani, kuna kitanda na kuku na watu wa kwao. Nekesa akabonyeza kitufe chekundu, mkanda ukaruka, akashika mlango na kusema, "Geuza. Mtoto wangu anasaga."

"Mama, ningefanya nini?" Cheruiyot akauliza. "Angeruka."

Nekesa alikuwa ameweka mikono yake juu ya mikono ya Selpher, na kwa muda wakasaga pamoja tena, mbele na nyuma, wakati msichana akimpa habari za ngome. Ukuta bado upo, ila umeshuka ukawa tuta. Ndani ya handaki kuna mbuzi. Mahali pa nyumba yao pamepandwa mahindi, na mwenye shamba, mtu mzuri, alimchomea hindi bila kumwuliza maswali mengi. Alikaa pale mlango ulipokuwa. Aliita mama yake, akaita kaka zake mmoja mmoja, na hakuna aliyeitika, akaona ni sawa, kwa sababu hata yeye alikuwa amekawia. Kisha akapanda juu ya tuta akaona Nzoia yote.

"Ni nzuri?" Selpher akauliza.

"Ni nzuri," Nekesa akasema. "Toa mikono sasa."

Selpher akaitoa. Were alimsaidia kuinuka, akamvalisha viatu, na kumsindikiza mpaka langoni. Hapo Selpher alimwomba angalau jina la Nekesa liandikwe kwenye kibao, maana wafalme wote wameandikwa. Were alisema ameshawauliza wakubwa wake, nao walimjibu kwamba kibao ni cha jiwe. Hata leo kibao hicho hakijabadilishwa, na uji unaopewa wageni hapo ni ule ule, na wengi huusifu.

Njiani mikono ya Selpher ilikuwa inakwenda mbele na nyuma mapajani, na Cheruiyot alipoiona alizima redio. Ngome walipita mbali nayo, gizani. Cheruiyot alijaribu kumwonyesha kilima kilipo, naye akatazama upande huo kwa adabu.

Jumapili baada ya ibada Beverlyne alipiga simu.

"Mama, ngome ulifika?"

"Sikufika. Lakini nimeletewa habari yake yote."

"Na kwa mfalme?"

"Kwa mfalme nilikaa siku nzima." Selpher alimsimulia kila kitu, toka uji mpaka kitufe chekundu, bila kuruka. "Kwa hiyo wajomba walifanya vizuri kukukatalia jina," Selpher akamalizia. "Mwenyewe analitumia. Mwezi wa nane ukipewa likizo, kuja. Tutachukua gari ya Cheruiyot. Ubebe nguo ya kazi na mafuta ya mikono, maana mimi magoti yamevimba, zamu ni yako."

Beverlyne hakuuliza zamu ya nini. Aliuliza Kukhu anapenda kula nini njiani.