Saa ya Mchora Mabomba

Jumapili, baada ya kufua na kuanika, fundi wa mashine za risiti alifunga mlango wa uani akaketi mbele ya kompyuta kuukuu aliyoinunua kwenye mnada wa idara ya maji. Ilikuwa nzito kama gunia la saruji. Kampuni iliyoiunda ilishafungwa zamani na mfumo wake wa asili ulikuwa umeharibika kwenye diski, kwa hiyo alikuwa anaifundisha kuendesha mfumo huria, ule ambao watu wa kujitolea huuandika bure na yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuugeuza. Kazi hiyo huenda kipande kwa kipande: leo kibodi, kesho skrini, na katikati matusi mengi. Mama wa watu alikuwa na mdomo, ila hakuwa na wa kumsikia.

Siku kibodi ilipokubali, vidole vilitokea juu yake. Vilikuwa vidole vya mwanamume, vikavu, vyenye doa la wino kwenye gumba. Fundi alihakikisha kwanza kwamba herufi zote zinaandika, kisha akasogeza kikombe chake cha chai visije vikakimwaga. Skrini ilipotulia, uso na mabega vikafuata. Sauti ilipopatikana, mzee aliyefunga tai alikohoa na kuomba radhi. Alikuwa amekalia kiti pekee cha nyumba, ikabidi fundi akanunue kingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye mgeni wa ofisi?"

"Ndimi," alijibu, maana kueleza kungekuwa safari ndefu.

Mzee alikuwa mchora mabomba, mchoraji wa ramani za mabomba ya idara ya maji, na mashine hii ndiyo aliyoifanyia kazi. Mlinzi wa idara, aliyemsaidia fundi kupakia mashine siku ya mnada, alikuwa amemsimulia habari zake: alifia mezani Ijumaa mchana, wenzake wakapita mmoja mmoja wakimuaga, na aliyegundua ni mfagizi, Jumatatu. Mwenyewe hakuyajua hayo. Betri ya saa ya ndani ya mashine ilikuwa imekufa, na kila ikiwashwa saa ilirudi kwenye Ijumaa ile ile. Mzee alichora mabomba yake huku akitupia jicho mlangoni.

"Leo wenzangu wamechelewa kunipitia," alisema kila Jumapili.

Fundi alimwambia pengine wana kazi nyingi. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu. Kabla ya hapo, akishafunga kibanda chake cha ufundi Jumamosi, hakusema na mtu mpaka Jumatatu. Mwanawe aliishi mbali na alipiga simu akikumbuka. Saa ndiyo kipande pekee kilichobaki, na fundi alikiruka makusudi, mzee asije akaijua tarehe.

Ndipo wasimamizi wa mfumo wakamwandikia. Mashine za aina ile zingeondolewa kwenye toleo jipya, isipokuwa kama mtu angeleta vipande vyote vikifanya kazi, saa ikiwemo. Fundi alijaribu toleo lililokwisha kupunguzwa. Mashine iliduwaa, na kiti cha mzee kikawa kitupu. Alirudisha la zamani haraka, akamsikia mzee akikohoa.

Akaiandika saa. Akaweka betri mpya, akawasha.

Mzee alitazama pembe ya skrini.

"Binti, tarehe hii ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, baba."

"Wenzangu walinitafuta?"

Fundi alitamani kudanganya na akashindwa. "Walikuaga, wakaenda zao. Mfagizi ndiye aliyekukuta, Jumatatu."

Mzee alinyoosha tai yake. "Niliwaitikia?"

"Hapana."

"Basi hawakungoja jibu," alisema, na machozi yakamtoka kimyakimya. Aliomba wapigiwe simu, waje hata kumsalimia tu. Jumatatu fundi alipiga. Msichana wa mapokezi alimjibu kwa adabu kwamba chumba kile sasa ni stoo na wale wenzake wapo, ila wako kwenye mkutano. Alipopiga tena, walikuwa bado kwenye mkutano. Hakuna aliyekuja.

Wasimamizi walipokea kazi. Mashine ingebaki. Fundi alimsomea mzee ujumbe wao wa shukrani.

"Hao wanakujua?" mzee aliuliza.

"Wanaijua kazi yangu."

"Siku ukinyamaza, watakuja kukuangalia?"

Fundi alifikiri vizuri, kwa sababu swali lilimchoma na alitaka kulijibu kwa haki.

"Hawatakuja. Wataandika kwamba mashine haina mtunzaji."

"Angalau hao wataandika," alisema mzee, akarudi kwenye mabomba yake.