Gari Lisilokwenda Msibani

Kuna usingizi wa shibe na kuna usingizi wa uchovu, na upo wa tatu, usingizi wa mtu aliyeshindwa asiyetaka kukiri, ambao humjia mchana kweupe akiwa na viatu miguuni. Huo ndio uliomchukua Yoram Chilongani, muuza magari wa Dodoma, siku ambayo upepo ulivuma tangu alfajiri na vumbi likatanda mji mzima hata watu wakawa wanasalimiana kwa kukisia. Alikuwa na yadi kwenye barabara ya kwenda Arusha, na yadini kwake hukukuta pikapu wala gari la kubebea gunia. Yeye aliagiza magari ya starehe tu, ya umbo la wastani, viti vya ngozi, na mengi yake yalikuwa ya paa la kukunja: unabonyeza kitufe, paa linajikunja nyuma kama mwavuli, unabaki na mbingu kichwani. Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi ya dhahabu, Chema chajiuza. Nusu ya pili ya methali hiyo, ile ya kibaya kujitembeza, hakuiandika, ingawa kila Jumamosi alilitembeza gari moja mjini, taratibu, paa wazi, miwani ya jua usoni. Watu walishangilia, watoto walikimbia nyuma, na hakuna aliyenunua.

Asubuhi ile alikuja Bwana Kalinjuma, mkuu wa idara mmoja serikalini, ambaye hakuwa mgeni pale. Alishakuja mara kadhaa kulitazama gari la rangi ya damu ya mzee lililosimama mbele kabisa. Akaketi, akashika usukani, akapigwa picha, akacheka hadi jino la mwisho. "Kaka Yoram, gari tamu hili! Yaani nikikaa humu nasahau hata umri." Yoram akakimbilia ofisini kuleta funguo za akiba, akijua mambo yameiva. Alipotoka alimwona Kalinjuma ameshavuka barabara, yuko yadi ya jirani, analizunguka gari jeupe lenye safu tatu za viti, refu, lisilo na sura, anagongagonga mlango wake kama mtu anayechagua tikiti maji. Akalinunua hilo. Kisha akarudi kuaga, haya kidogo usoni. "Usinifikirie vibaya, kaka. Mama anatoka kijijini, anakuja kutibiwa. Na ndugu zangu si unawajua?"

Yoram alimtakia heri huku moyo ukimchoma, na hakumwelewa hata kidogo. Yeye aliamini kinachomwangusha ni udogo wa mambo yake: magari machache, ukumbi wa mabati, mazingira ya kimaskini. Angepata jumba la vioo na shehena nyingine ya magari yaleyale, wenye nazo wangekuja wenyewe. Na njia ya kulipata jumba hilo ilikuwa moja tu, shamba la mizabibu la mkewe, Esta, alilorithi kwa marehemu mama yake, na ambalo mtu wa kulinunua alikuwa ameshapatikana. Esta alipoambiwa hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, akasema, "Wewe ndiye unayeyajua magari, baba Rehema." Kesho ya siku hiyo ya vumbi ndiyo walipanga kwenda kuandikishana na mnunuzi. Basi Yoram akaingia ndani ya lile gari la damu ya mzee, akafunga milango ili vumbi lisimfuate, akalaza kiti, akajiambia anapumzisha macho tu. Usingizi ukamzoa.

Akaota gari linakwenda. Hakuliwasha wala hakushika usukani, lakini lilikuwa likiteremka barabara nyeupe, paa limekunjwa, katika nchi asiyoijua, nchi isiyo na jua wala mwezi, yenye mwanga wa kijivu kama maji yaliyooshewa masufuria. Pande zote mbili za barabara zilijipanga nyumba, na nyumba hizo hazikuwa na milango ila madirisha, na katika kila dirisha palikuwa na jicho. Macho hayana pazia, tunasema, na ya huko hayakuwa hata na kope. Yalimfuata Yoram alivyokuwa akipita, mengine yakimtamani, mengine yakimpima, na mengine, yaliyokuwa mekundu, yakimwombea ajikwae. Punde akatokea mwanamke mzuri ajabu, mikufu shingoni, akikimbia sambamba na gari bila kuhema, akipiga makofi. "Hongera! Hongera! Umependeza kweli!" Yoram akafurahi, akamwambia, "Karibu uingie, dada." Mwanamke akacheka. "Mimi naitwa Sifa, kaka. Sipandi. Nasindikiza tu mpaka kwenye kona." Na kweli, walipofika kwenye kona alisimama, akageuka, akaanza kulipigia makofi gari jingine.

Mbele kidogo gari likasimama lenyewe, na mtu mwembamba mwenye macho makubwa kuliko uso wake akafungua mlango, akaketi bila kukaribishwa. Alipapasa ngozi ya viti, akanusa usukani, machozi yakamlengalenga kwa mapenzi. Yoram alihisi anamfahamu, kwa maana alikuwa na kicheko cha Kalinjuma, na kila alipogeuka alipata sura ya mmoja wa wale waliowahi kuja yadini kupiga picha. "Unalitaka?" Yoram akamuuliza. "Nalitaka kuliko roho yangu." "Basi lichukue!" Yule mtu akamwonyesha mifuko ya suruali yake, na mifuko yote ilikuwa imeshonwa mdomo. "Naitwa Tamaa," akasema kwa huzuni. "Kazi yangu ni kutaka. Anayenunua ni dada yangu, yule pale." Akaonyesha kwa kidevu, akateremka, akaenda zake huku akigeukageuka nyuma.

Aliyeonyeshwa alikuwa mama mmoja mnene, aliyechoka, kanga kiunoni, mtoto mgonjwa mgongoni, kuku mkononi, godoro limemwegemea begani. Miguuni pake, juu ya mkeka, alilala mama yake mzazi, amefunikwa shuka, akipumua kwa taabu. "Nafasi ipo, mwanangu?" akauliza. Yoram akatazama nyuma. Vile viti vya nyuma, ambavyo siku zote aliwaapia wateja kwamba ni vya watu wazima wawili, vilikuwa vyembamba hata paka angeingia kwa kuomba radhi. Mama akauliza godoro litakaa wapi, na Yoram akajibu kwamba kwa kuwa paa limefunguliwa linaweza kusimamishwa. "Na mvua ikinyesha?" Yoram akatazama juu. "Na mama yangu alale wapi?" Mama yule hakukasirika. Alishusha mzigo, akaketi mbele na mtoto mapajani, akasema, "Mimi ni Haja, na magari ya nchi hii karibu yote nayanunua mimi. Ndugu yangu Tamaa huchagua rangi. Twende nikakuonyeshe kitu. Mama atatungoja, amezoea kungoja."

Wakaenda mpaka barabara ilipogawanyika, na kila njia ilikuwa na lango. Lango la kwanza lilikuwa refu na jeusi, na mbele yake lilinguruma gari refu, jeusi vilevile, vioo vyake giza totoro. Kioo kimoja kikashuka kwa upana wa kidole. "Huyo ni Fahari," Haja akanong'ona, na Yoram, ambaye maisha yake yote alimngoja mteja huyo, akaruka chini akainama. "Karibu, mheshimiwa, gari la hadhi yako hili hapa." Sauti ikatoka ndani, nzito, ya kuchoshwa na watu. "Hilo liko chini mno. Nikikaa humo bodaboda ananitazama kwa juu. Mimi nataka watu wajue kwamba nimo, bila kuniona. Hilo lako linanianika mpaka kipara. Tena thamani yake huporomoka kabla halijazoea njia, na mimi siketi juu ya kitu kinachoporomoka." Kioo kikapanda. Yoram akakimbilia lango la pili, lililokuwa fupi, la mbao, ambapo mzee mmoja, mikono ya shati imekunjwa, alikuwa akikaza nati za baiskeli. Huyo alikuwa Kiasi. Alilitazama gari kwa heshima, akatikisa kichwa. "Zuri, lakini limenizidi. Majirani watasema nimeiba. Fundi wangu akiliona atajificha. Taa moja ikipasuka, niagize ng'ambo ya bahari, ningoje mpaka lini?" Yoram akapaza sauti kama anayelia, "Lakini hili si kubwa, mzee wangu! Hili ni la wastani!" Kiasi akamwuliza kwa upole, "Wastani wa nani, mwanangu?" Akafunga lango.

"Umesikia," Haja akasema Yoram aliporudi garini. "Anayetaka kujionyesha limempungukia, anayetaka kujisitiri limemzidi, na mimi silali humo wala mgonjwa wangu. Sasa unangoja nani?" Kabla Yoram hajajibu, wakasikia mngurumo wa polepole nyuma yao, na msururu wa magari ukatokea, taa zimewashwa ingawa haikuwa usiku. Yalikuwa magari mazee, mapana, yamejaa watu mpaka milangoni, akina mama wamejifunga vitenge vichwani, wanaume wamebanana nyuma ya pikapu wakishikilia misalaba na makoleo. Mbele alitembea bibi mmoja mrefu, miguu mitupu, uso wake mkavu. Yoram, ambaye hata kwa ukaidi wake alikuwa amelelewa, aliligeuza gari lijiunge na msururu. Bibi akaweka kiganja juu ya boneti. "Wewe hapana."

"Bibi, hao ni ndugu zangu," Yoram akasema, maana aliwaona, mmoja mmoja, ndani ya magari yale: baba zake wadogo, mashemeji, majirani wa mtaa wake.

"Ni ndugu zako, nani kakataa? Lakini nani atapanda humo alie, upepo unampeperusha kitenge, na macho yote yale yanamtazama? Nani atamshikilia mfiwa akizimia? Jeneza utaliweka wapi? Mimi ni Msiba, kijana. Gari lisiloweza kuja kwangu, ndugu hawalihesabu kuwa gari." Akaondoa mkono, na msururu ukapita. Hakuna aliyemwonea haya Yoram wala aliyempungia. Walimpita kama wanavyoupita mti, na akajisikia mkiwa kuliko siku aliyomzika baba yake. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," Haja akasema, akimpapasa mtoto wake mgongoni. "Watu hawa wakitaka gari wanatafuta rafiki kwanza. Starehe wanaikodi siku ya harusi, jioni wanairudisha kwa mwenyewe."

Gari likaendelea kuteremka, mpaka wakafika bonde pana ambako upepo haukuacha kuvuma. Bonde zima lilijaa magari mazuri, mapaa yamefunguliwa, na ndani ya kila moja aliketi mtu aliyevaa vizuri, vumbi limemjaa, huyu magotini, yule kifuani, yule shingoni, na wote walisema neno moja kwa sauti ya kutumainia: "Atakuja kesho." Yoram akatazama chini ya magurudumu, akaona visiki. Vilikuwa visiki vya mizabibu, iliyokatwa siku si nyingi, na kila kimoja kilikuwa bado kinatoa maji. Katika gari la karibu, kwenye kiti cha nyuma, alibanwa mwanamke, magoti yamefika kidevuni, mkononi ameshika mkasi wa kupogolea. Sura yake ilikuwa ya Esta. "Yule ni nani?" Yoram akauliza. "Anaitwa Stahamala. Siku zote hukaa viti vya nyuma." "Mbona hasemi?" Haja akamgeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Ulimuuliza?" Yoram akafumbua kinywa amwite mkewe, vumbi likakijaza. Akabonyeza kitufe paa lifunge, paa halikufunga, na alipotazama miguu yake hakuiona.

Akaamka anakohoa. Ndani ya gari palikuwa na joto la tanuri na shati limemgandia mgongoni. Alikaa kidogo akiutazama usukani, na maana ya yote aliyoyaona ikamshukia bila mkalimani: magari yale hayakuwa na kasoro, wala wateja hawakuwa washamba, wala jumba la vioo lisingebadili kitu. Aliagiza alichokitamani yeye, akawalaumu wengine kwa kuwa na mama wagonjwa. Na mtu mmoja ambaye angeweza kumwambia hayo alilala naye kitanda kimoja, naye hakumuuliza. Akaona aibu, kisha akaona nafuu, kwa sababu kesho ilikuwa bado. "Shamba haliuzwi," akasema kwa sauti, akafungua mlango.

Esta alikuwa anaingia yadini wakati huohuo, ameongozana na shangazi yake anayechechemea na mama yake mdogo, kila mmoja na kikapu. Yoram akamkimbilia, akamshika mikono. "Mama Rehema, tusiuze. Nisamehe. Hata kidogo tusiuze."

Esta akaitazama mikono yake iliyoshikwa. Dole gumba lake lilikuwa na wino. "Nimeshaweka dole," akasema. "Yule bwana anasafiri leo, akapita nyumbani na mwenyekiti wa mtaa. Nikaona nisikucheleweshee mipango yako." Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomvunja Yoram. "Ametuachia zabibu zilizoiva, tuchume leo leo, maana kesho analeta trekta. Tumepita kukuaga tu."

"Ngojeni basi," Yoram akasema. "Ngojeni niwapeleke."

Wote wanne wakaligeukia gari. Shangazi akatazama vile viti, akatazama mguu wake, akatazama vikapu. Hakuna aliyecheka. "Acha tu, mkwe wetu," akasema. "Tumeshaita bajaji."

Bajaji ikafika. Wakajibana ndani wote watatu, vikapu mapajani, na Yoram akasimama kando ya barabara. "Chakula nimekufunikia mezani," Esta akamwambia. Kisha akasogea mpaka ukingoni, nusu ya mwili wake ikabaki nje, ili shangazi apate pa kunyoosha mguu.