Ndege Iliyoambiwa Isubiri

Saa tisa na dakika kumi alasiri mwongoza ndege alikuwa anamenya yai la kuchemsha kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa kwenye kitufe cha redio. Kumenya yai kwa mkono mmoja si kazi ya kitoto. Unaligonga pembeni ya meza, unaliviringisha taratibu chini ya kiganja, ganda linalegea lenyewe. Wenzake walimwita Masikio. Si kwamba yalikuwa makubwa, hapana, ni vile alivyoweza kusikiliza watu wawili kwa mpigo na kumjibu kila mmoja la kwake.

Zamani kazi ile pale juu mnarani ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anasema na ndege zilizo angani, mwingine anasema na vya chini: ndege zinazojikokota, matrekta ya mizigo, gari la mafuta, zimamoto. Kila mtu na redio yake. Basi yule wa chini akastaafu, akapewa saa ya ukutani na soda, akaenda zake. Ofisi haikuleta mtu mwingine. Ilileta fundi, akazifunga redio zote mbili kwa waya mmoja ili Masikio aseme na wote kwa maiki moja. Kiti cha mwenzake wakakifunika nailoni kisiingie vumbi.

Sasa redio si kama barazani, kwamba wawili wakisema pamoja unaokota neno huku, unaokota neno kule. Redioni wawili wakibonyeza pamoja hasikiki hata mmoja. Unatoka mluzi tu, kama birika limechemka. Na kazi ile ina utaratibu wake. Mnara ukimwambia rubani jambo, rubani analirudia lote, halafu mnara unasema ndiyo, ndivyo. Bila hiyo ndiyo, ni kama hakuna aliyesema kitu.

Saa tisa na robo ikaja ndege ndogo yenye watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa binti yake Masikio, kitindamimba, mimba ya miezi minane na ushee, anakuja kujifungulia kwa mama yake. Masikio alimwambia rubani asubiri juu, azunguke, maana trekta lilikuwa limekwama njiani. Rubani akarudia, Masikio akasema ndiyo. Trekta likatolewa. Masikio akabonyeza: "Haya, shuka." Rubani akarudia, na pale pale dereva wa gari la mafuta akabonyeza kuuliza aegeshe wapi. Mluzi.

Akasema tena. Zimamoto nao wakabonyeza. Mluzi. Mara ya tatu, mluzi, mara ya nne, mluzi. Maneno mengine yote yalipita vizuri tu. La kushuka ndilo halikupita.

Rubani alikuwa mtu wa kanuni, hashuki bila ndiyo, na kusema kweli kanuni hiyo imeokoa wengi. Akaendelea kuzunguka. Mafuta yalikuwa ya dakika arobaini, yakabaki ya dakika arobaini. Jioni ndege ikawasha taa, asubuhi ikazima. Mwenzake Masikio wa zamu ya pili naye alijaribu, ikawa yale yale.

Nyumbani mke wa Masikio alikuwa ameshatandika kitanda cha chumba cha nyuma.

"Baba watoto, mwanangu yuko wapi?"

"Yuko juu."

Akampeleka uani, akamwonesha. Ndege ilikuwa inapita juu ya tangi la maji, ndogo kama nzi.

"Amekula?"

"Rubani anasema wana biskuti. Wanakula, haziishi."

"Biskuti!" Mkewe akasonya. "Mja mzito anakula biskuti tangu jana, kisha mnasema mnafanya kazi huko."

Masikio akaenda ofisini kwa Mkubwa, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Imeanguka?" Mkubwa akauliza.

"Haijaanguka."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Sasa unataka niandike nini?" Mkubwa akatoa fomu, akaigeuza Masikio aisome. Palikuwa na mahali pa ndege iliyotua na mahali pa ndege iliyoanguka. "Hapa hakuna mahali pa ndege inayokuja."

"Nataka mtu wa pili, Mkubwa. Mtu mmoja tu. Akae kwenye kile kiti."

"Nafasi hiyo imeshafutwa. Na wewe unaweza, Masikio. Kila mtu anasema unaweza."

Wiki ya tatu, Jumanne, rubani akaita: "Mnara, tulikuwa kumi na mmoja. Sasa tuko kumi na wawili. Mtoto wa kike, wote wazima."

"Kumi na wawili, nimekupata," Masikio akasema, akaandika kwenye daftari la zamu. Mwandiko ulikwenda upande. Kisha binti yake akaomba maiki.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Mgongo haunyooki humu. Mwambie mama nimemfunga kitovu kwa uzi wa kiatu cha rubani. Baba, tushushe."

"Nawashusha, mwanangu."

"Ulisema hivyo Jumatatu."

Zimamoto wakaingia kuuliza jambo, mazungumzo yakaisha.

Akamfuata fundi. Alimkuta chini ya ngazi anakula muhogo.

"Baba, usinitazame hivyo," fundi akasema. "Kukata ule waya ni dakika mbili. Ila bila karatasi ya Mkubwa nakata waya na mkate wangu pamoja, na nyumbani wako wanne wananisubiri." Akatafuna. "Fisi mwenyewe njia mbili zilimshinda, tena hakuwa na maiki."

Basi siku yake ya mapumziko Masikio hakupumzika. Alizunguka uwanja mzima kwa miguu, jua la utosi, akamwomba mmoja mmoja. Dereva wa mafuta, wa matrekta, zimamoto, marubani waliokuwa wanangoja abiria. Kesho saa nne kamili, dakika mbili tu, mtu asiguse redio. Hakuna aliyekataa. Wa matrekta alichomoa kabisa betri ya redio yake akampa aende nayo. "Mkono wangu haunaga adabu, mzee," akasema. "Bora ukae nayo wewe." Mzee wa zimamoto alilia kidogo, akasingizia moshi.

Kesho yake saa nne uwanja ukanyamaza, unasikia majani tu. Mkewe alikuwa amesimama kwenye uzio na blanketi la mtoto. Masikio akabonyeza.

"Haya, shuka."

Na sauti ya rubani akirudia agizo la kushuka ikaja safi, neno kwa neno, mara ya kwanza katika siku ishirini na sita: anashuka, njia iko wazi, upepo wa kulia, watu kumi na wawili. Ndege ikainamisha pua. Ikashuka mpaka mkewe akaona madirisha, akaona na binti yake dirishani, amemshika mtoto mkono anampungisha. Masikio akafungua mdomo aseme ndiyo.

Gari la Mkubwa lilikuwa linaingia getini. Lilikuwa na redio, ila Mkubwa hakuwahi kuitumia tangu alipopewa, wala Masikio hakukumbuka kumwomba. Mkubwa akaona matrekta yamesimama, watu wamesimama, kimya. Akabonyeza: "Kuna nini huko?"

Mluzi.

Ndege ikanyanyua pua, ikapita juu ya uzio, ikarudi kuzunguka. Mkewe alibaki ameinua blanketi kwa mikono miwili mpaka mikono ikachoka.

Masikio akaandikiwa barua ya onyo kwa kuzuia kazi dakika mbili. Akaweka sahihi.

"Ni mwanangu, Mkubwa," akasema. "Na mjukuu wangu."

"Najua, pole sana. Ndiyo maana sikukufukuza."

Watu wakaizoea ile ndege. Wenye maduka wakawa wanafungua milango ndege ikipita mara ya pili. Kwenye ubao wa ratiba wakaiandika mstari wa mwisho, *inasubiri*, kwa rangi ya mafuta, maana chaki ilikuwa inafutika. Kila mwisho wa zamu rubani alitoa taarifa: mtoto amekaa, mtoto ameota jino, mafuta dakika arobaini. Masikio alirudia kila neno, akajibu ndiyo, ndivyo, kisha akaenda kumweleza mkewe, naye akashona gauni kubwa kidogo kuliko lile la mwanzo. Na kila siku, mara ishirini, mara thelathini, alibonyeza akasema haya, shuka, mpaka sauti ikakauka.

Ofisi ikaona kwamba ndege iko angani muda wote na hakuna aliyeumia. Ikampa Masikio cheti. Kwenye uwanja wa mji wa pili nako mwongozaji alikuwa amestaafu, na kwa kuwa Masikio anaweza, ikaamuliwa redio ya huko nayo ifungwe kwenye ile maiki yake.

Jumatatu fundi akapanda mnarani na waya wa redio ya tatu, hakumtazama mtu usoni. Masikio akainuka akamshikia ngazi kwa mkono mmoja, maana siku hizi fundi naye alikuwa anatumwa peke yake.