Krimu au Maziwa

Siku ya tatu Wakhungu alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta ule ule. Alikuwa amekwenda Kitale mara mbili kununua vikopo vya rangi, akapaka mabaka mawili sebuleni, moja la krimu, jingine la maziwa. Nangila, dada yake, aliyatazama mpaka macho yakamchonyota, asione tofauti. Alichoona ni ndugu anayefika Kimilili mara moja kwa mwaka, aliyemjengea mama yao nyumba, na sasa anainamisha kichwa huku na huku kama kuku aliyeona mdudu.

"Hii ya krimu iko na joto," Wakhungu alimwambia mkewe kwenye simu, akimwonyesha ukuta. "Hii ingine ni baridi kidogo, si ndiyo?"

Nangila aliguna. "Nyumba ni ya mama, bana. Si umuulize yeye?"

Akaenda kumleta mama yao, akimshika mkono. Mama alipapasa ukuta, vidole vikachafuka rangi.

"Mayi, unapenda gani?" Wakhungu aliuliza.

"Mwanangu, tangu Pasaka naona ukungu tu. Nangila hakukwambia?"

Nangila alikuwa amemwambia mara nne, hata akamtajia siku ya kliniki ya macho kule Bungoma.

Wakhungu alikuna kidevu. "Kwa hivyo tupake krimu?"

Nangila alimfuta mama vidole kwa leso yake, akamwongoza nje, akamwacha bwana mkubwa na kuta zake.